Mbili Kulia, Moja Kushoto

Ndavaya, Kwale
9 Machi 2025

Garama amepatikana! Baba wa babu yako amepatikana, Kadzo, na aliyempata ni wewe, mwanangu niliyekuzaa mimi mwenyewe kwa uchungu wa siku mbili!

Ngoja nipumue. Hujambo mwanangu? Baridi ya huko inakuachia? Sisi hatujambo. Baba yako yuko Ramisi kwenye miwa, hurudi mwisho wa mwezi. Ndugu yako Harrison yuko jikoni hotelini Diani, na ndiye atakayeipeleka barua hii posta. Barua yako niliipata Jumanne. Nikaisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda nayo sokoni Kinango nimeishika mkononi ili mtu aniulize ni ya nini. Hakuna aliyeuliza. Nikaanza kusema mwenyewe.

Nimewaambia kwamba mwanangu ndiye mkuu wa mizinga katika makumbusho ya jeshi ya Wazungu, kwamba hakuna mzinga unaosogezwa bila yeye kutia neno. Nimewaambia kwamba juu ya mzinga mmoja, pembeni ya namba za kiwandani, umeona alama iliyokwaruzwa kwa mkono wa mtu, mikato miwili upande mmoja na mmoja upande wa pili, kama tunavyokata masikio ya mbuzi wetu. Ni nani mwingine basi, kama si Garama?

Wewe uliondoka hapa ukiwa na mawazo ya shule, sijui kama uliwahi kuambiwa vizuri. Garama alichukuliwa na Waingereza kwenda vita vya Bama, Burma ya vitabuni mwenu, mwaka arobaini na tatu, mkewe akiwa na mimba ya babu yako Mwero. Alikwenda pamoja na Shutu, mtoto wa baba yake mdogo. Shutu alirudi na koti la vifungo vya shaba. Garama hakurudi. Shutu alipoulizwa alisema, "Nilipogeuka sikumwona." Akanyamaza hapo. Waliobaki wakammalizia maneno: alitoroka, aliukimbia mzinga, ana mke mwingine huko huko Bama. Mpaka leo wazee hawajamsimikia koma. Unajua ule mstari wa miti ya wazee wetu nyuma ya boma, kila mti na marehemu wake? Mtoro hasimikwi pale. Na babu yako Mwero sasa ana miaka themanini na miwili, macho yamekwisha kwa ukungu, na kila akiugua homa husema neno moja tu: "Nitakufaje mimi kabla ya baba yangu?" Maana kama Garama hana mahali katika mstari, yeye mwanawe atawekwa wapi?

Mimi ni mtu wa kanisani, pasta ananijua, lakini nikimsikia mzee akisema hivyo hutoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Sasa wazee wanataka kuiona alama. Harrison alisema utume picha kwenye simu yake ya kugusa. Wakakataa, wanasema simu inaweza kukuonyesha hata jini akicheza harusini. Wanataka karatasi iliyochorwa kwa mkono wako. Chora, mwanangu, uilete upesi. Kenga, mjukuu wa Shutu, alilivaa lile koti Krismasi nzima akatupitia hapa mara nne bila haja.

Wako akupendaye na anayetamani hata kukusikia ukikohoa chumba cha pili,
Mama yako,
Dama

*

Uingereza
30 Machi 2025

Shikamoo mama. Mwamkie babu Mwero, mwambie mjukuu wake anampigia magoti kutoka mbali.

Barua yako imenifurahisha na kunitia hofu kwa pamoja. Mama, tafadhali, usiseme sana kwanza. Niliandika kwamba nimeona alama inayofanana, sikuandika kwamba nimempata mtu.

Nikueleze mzinga wenyewe. Ni mfupi, wa kubebwa milimani kwa vipande, mtutu wake hauzidi urefu wa mtu. Umewekwa kwa mpangilio wa makumbusho, mgongo ukutani na mdomo kwa watu. Kule nyuma, juu ya chuma pale wanapotia risasi, kumejaa maandishi ya kugongwa. Kuna mzee mmoja wa hapa anayejitolea, anaitwa Walter, ndiye anayejua kuyasoma. Namba hii ni ya mzinga wenyewe, hakuna mwingine wenye namba hiyo. Huu ni mwaka uliotengenezwa. Huu ni uzito wake. Hii ni chapa ya kiwanda. Na kimshale hiki kidogo maana yake ni mali ya serikali ya mfalme. Nilicheka peke yangu, mama, nikasema kumbe hata mfalme hukata masikio ya mifugo yake.

Namba nilizisoma kwa kuipinda shingo kweli kweli, maana kwangu zilisimama kichwa chini. Pembeni yake ndiyo hiyo alama. Haikugongwa na mashine, imekwaruzwa kwa ncha ya kitu, kisu au msumari, polepole, na mtu mwenye mkono imara. Mstari mmoja wa katikati kama pua, mikato miwili huku na mmoja huku. Nimeichora kwenye karatasi hii kwa ukubwa wake ule ule, kama nilivyoiona, bila kuongeza kitu. Mimi na wasichana wenzangu hatukuwa tukikata masikio ya mbuzi, kwa hiyo nakumbuka mbili na moja tu. Wazee ndio watakaosema.

Hapa miti haina jani hata moja bado. Jana nilisikia harufu ya moshi wa kuni mahali nikasimama barabarani kama mjinga mpaka ikapotea.

Mwanao,
Kadzo

*

Ndavaya, Kwale
24 Aprili 2025

Mwanangu Kadzo,

Salamu. Sisi wazima. Karatasi ilifika. Wazee wameiona. Bado wanaiangalia.

Mvua imenyesha mara mbili, mahindi yameota. Yule mbuzi wako mweusi amezaa mapacha. Kenga alichinja juzi akatuletea paja.

Usiwe na haraka ya kuandika, najua kazi za mkuu ni nyingi.

Mama yako,
Dama

*

Uingereza
15 Mei 2025

Shikamoo mama,

Barua yako ya nusu ukurasa imenitisha. Wewe hata ukiomba chumvi kwa jirani huandika kurasa mbili. Kuna nini? Babu ni mgonjwa? Na kwa nini Kenga achinje, tena akuletee paja wewe, yeye ambaye hajawahi kutugawia hata mfupa?

Kama unanificha jambo, basi nami nitaanza kukutolea langu, labda utaona haya unijibu.

Mama, mimi si mkuu wa mizinga. Mimi nafagia. Nilikuja kusomea ufundi wa chuma, hilo ni kweli, na nilimaliza. Lakini kazi niliyoipata baada ya hapo ni ya usafi katika makumbusho haya, mwaka wa nne sasa. Nafagia ukumbi, nafuta vioo, nafuta vumbi mizingani. Alama ile niliiona kwa sababu nilikuwa na kitambaa mkononi. Sikukudanganya kwa maneno. Niliandika "nafanya kazi kwenye mizinga", wewe ukaniandikia kwamba umewaambia watu mimi ni fundi mkuu, mwaka uliofuata nikawa msimamizi, sasa ni mkuu. Kila barua umenipandisha cheo, na kila cheo kimenisukuma mbali na nyumbani. Unaniuliza kila mara kwa nini sirudi hata kuwaona. Miaka sita. Likizo ninazo, mama. Ila nilikuwa nikijiuliza nitashukaje Kinango mbele ya watu uliowaambia hayo yote, nikiwa na mikono hii iliyopasuka kwa sabuni.

Nimesema. Sasa sema wewe.

Mwanao, bado ni wako,
Kadzo

*

Ndavaya, Kwale
8 Juni 2025

Kadzo mwanangu,

Barua yako niliisomea jikoni na mlango nimeufunga. Nikalia, kisha nikacheka, kisha ugali ukaungua.

Kumbe ni mdomo wangu uliokaa njiani kama ng'ombe, wewe ukashindwa kupita! Miaka sita nakaa hapa namuuliza Mungu, huyu mtoto nimemkosea nini. Nisikilize. Uliposoma darasa la nane ukawa wa kwanza, mimi niliyeishia la tano niliona kama cheti kile ni changu. Tangu hapo nimekuwa nikikuvaa wewe kama Kenga anavyovaa koti la babu yake. Na mimi nilikuwa nikimcheka.

Basi nakwambia yaliyotokea.

Karatasi yako ilipofika niliwaita wazee na nikachemsha chai ya maziwa, sufuria kubwa ile ya harusi. Nikawaalika na ukoo wa Shutu ili waje kuaibika. Kenga akaja na koti, jua lote lile. Mzee mmoja akaishika karatasi, wakaleta mbuzi wetu na mbuzi wa kina Kenga, wakalinganisha. Unakumbuka ndugu wawili wa zamani walipogawana mifugo? Waligawana na alama pia. Wetu ni mikato miwili sikio la kulia, mmoja la kushoto. Wao waligeuza: miwili kushoto, mmoja kulia. Na karatasi yako, mwanangu, ilikuwa miwili kushoto, mmoja kulia. Hata mtoto wa nasari aliona.

Kisha Kenga akasimama, akafunga vifungo vyote vya koti, akaniambia mbele ya watu, "Ahsante shemeji. Umehangaika sana kututafutia babu yetu. Tulijua alikuwa mzingani, lakini sasa tuna karatasi." Watu wakacheka wakinywa chai yangu! Kesho yake akachinja, akanitumia lile paja. Nililila, maana nyama haina kosa, lakini kila tonge lilinikwama.

Babu yako aliinuka akaingia ndani. Siku tatu hakwenda kwa mbuzi. Wewe unajua huyo mzee hata macho yalipokwisha hakuacha mbuzi. Wakirudi jioni husimama mlangoni mwa zizi akawapapasa masikio mmoja mmoja, wa jirani akiingia humtoa kwa vidole. Siku tatu alilala ameelekea ukutani. Mimi mkwe siwezi kukaa karibu na mkeka wake, nikawa namwachia uji mlangoni na kuukuta umepoa.

Hiyo ndiyo sababu ya barua yangu fupi. Ningekuambia nini? Kwamba furaha niliyoipigia kelele mwenyewe ndiyo iliyomlaza mzee?

Lakini subiri, sijamaliza. Jana, baada ya barua yako hii, aliniita. Nikasimama mlangoni. Akasema, "Mkaza mwana, nisomee ile barua iliyokuja na karatasi. Yote. Wazee waliangalia karatasi, hakuna aliyesikiliza barua." Nikamsomea. Nilipofika pale unaposema namba zilisimama kichwa chini, akainua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Huyo mtoto alisimama wapi? Kwenye mdomo au kwenye mkia?"

Nikasema sijui, mzee.

"Muulize. Mbuzi husomwa kutoka mkiani, kwa aliye nyuma yake anamswaga. Kulia kwake na kulia kwako ni kumoja. Ukimsoma umemkabili usoni, utaondoka na mbuzi wa mtu."

Basi nakuuliza, mwanangu: ulisimama wapi?

Na kuhusu hilo la kufagia. Fagia. Ufagio wako umefika mahali ambapo koti la Shutu halijawahi kufika. Ila nirudishie mwanangu.

Mama yako asiye na haya tena,
Dama

*

Uingereza
2 Julai 2025

Shikamoo mama. Na babu Mwero, shikamoo mara mbili, na unisamehe.

Nilisimama kwenye mdomo.

Mzinga una kamba pembeni, na nyuma ni ukuta, nikawa nimeinama kutoka mbele, kitambaa mkononi, naipapasa ile alama juu kwa juu kama mtu anayemkamata mbuzi usoni. Namba niligeuza karatasi nikaziandika zisomeke, maana namba najua zinavyopaswa kusimama. Alama sikujua. Nikaichora kama nilivyoiona. Walter alicheka mpaka akakaa chini nilipomweleza swali la babu. Anasema kosa hilo hilo ndilo la kwanza analowafundisha wageni: kulia na kushoto kwa mzinga ni kwa mtu aliyesimama nyuma, pale waliposimama wenye kuupiga. Akataka kujua babu yangu alitumikia kikosi gani. Nikamwambia kikosi cha mbuzi.

Akaifungua kamba mwenyewe. Tukausogeza mzinga kutoka ukutani, nikaingia nyuma. Mama, nilisimama pale walipokuwa wakisimama. Namba zikasimama wima. Na alama ikasimama nazo, mikato miwili kulia, mmoja kushoto.

Sikulia pale. Nililia chumbani kwa vifagio.

Yapo mengine, na haya uwasomee wazee taratibu. Walter aliifuata ile namba ya mzinga kwenye vitabu. Ulikuwa Bama mwaka arobaini na nne, mikononi mwa askari wa Afrika Mashariki. Tarehe mbili Novemba ulipakwa rangi mpya ya kijani. Tarehe tisa ulipigwa na bomu la adui kwenye kilima karibu na mto. Kitabu kimeandika kila kitu cha mzinga: gurudumu lililovunjika, uzito, namba, hata skrubu ngapi zilipotea. Kuhusu watu kimeandika mstari mmoja: wanne waliokuwa kwenye mzinga wamekufa papo hapo, wamezikwa kando ya njia. Majina hakuna. Mzinga una jina, mama, watu hawana.

Lakini Walter alinipa kioo cha kukuzia, akaniambia niangalie rangi. Alama imekata ile rangi mpya ya kijani, ya juu kabisa, na haikupakwa rangi nyingine tena baada ya hapo, na mzinga uliondolewa vitani siku ile ile ulipopigwa. Kwa hiyo mwenye kuikwaruza aliikwaruza katika zile siku saba za mwisho, kati ya tarehe mbili na tarehe tisa. Hakuwa ametoroka. Alikuwa hapo anauandika mzinga wa mfalme kwa alama ya mbuzi wa baba yake. Siwezi kuapa kwa lile lisiloandikwa, lakini hilo chuma kinalisema.

Babu hawezi kuona karatasi, kwa hiyo sikuchora. Nimechukua ile karatasi ya bati laini ambayo Harrison na wenzake hufungia samaki wa kuoka hotelini, nikaiweka juu ya alama, nikaibonyeza kwa kidole gumba mpaka ikashika kila mkato. Iko ndani ya kisanduku hiki na pamba. Upande wa mkia, upande aliosimama yeye, nimeufunga uzi mwekundu. Asipewe mtu mwingine kuishika kwanza, bati hili hulegea.

Na jingine. Walter amewaambia wakubwa wangu kwamba msichana wa usafi amesoma alama ambayo wao wameipita miaka arobaini. Wanataka nimsaidie kuandika alama za mizinga yote kuanzia Januari. Usinipandishe cheo, mama! Ni msaidizi, na vumbi nitaendelea kufuta. Lakini Desemba nimeomba likizo. Sijui nitashuka Kinango nimevaa nini.

Mwanao,
Kadzo

*

Ndavaya, Kwale
10 Agosti 2025

Amemwamkia, Kadzo. Babu yako amemwamkia baba yake.

Nianze mwanzo, nisije nikaruka. Kisanduku kililetwa na Harrison mwenyewe kutoka Diani, hakukubali kumpa mtu, amekipakata njia nzima kama kitoto. Nikawaita wazee. Safari hii nilichemsha chai ya mkandaa bila maziwa, maana mtu hujifunza. Kenga akaja. Koti alikuwa nalo begani, hakulivaa.

Nikasoma barua yako yote, tangu shikamoo. Nilipofika pa mzinga kusomwa kutoka nyuma, kama mbuzi kutoka mkiani, wazee wakatazamana. Wao wote wachungaji tangu utotoni, na walikuwa wamesahau kuuliza! Mmoja akasema, "Sisi tulisoma karatasi kama watu wa shule." Nikasoma ya rangi, nikasoma ya tarehe mbili na tarehe tisa. Nikasoma ule mstari wa watu wanne wasio na majina, nikausoma mara mbili.

Kisha Harrison akampa babu lile bati. Mimi niliangalia kutoka mlango wa jikoni. Akaupapasa uzi mwekundu, akaugeuzia kwenye tumbo lake. Akakaa hivyo. Kidole chake cha kulia kikapanda taratibu, unavyomjua anavyopanda sikio la mbuzi akiwa hataki kumtisha. Akasema, "Moja." Kikasogea. "Mbili." Kisha mkono wa kushoto, akatafuta, akatafuta tena. "Moja."

Wote wakasogea karibu. Hata kuku, nakuambia.

Mzee wa miaka themanini na miwili, mwanangu, akainamisha kichwa juu ya kipande cha bati akasema, "Shikamoo, baba."

Basi. Hajawahi kumwambia mtu yeyote maneno hayo mawili kwa maana yake. Baba wadogo aliwaamkia, lakini unajua mwenyewe si sawa.

Na Kenga! Mimi nilikuwa nimemwandalia maneno tangu Aprili, matamu kweli, nimeyanoa kila usiku. Nikamgeukia niyatoe, nikamkuta machozi yanamtiririka. Akasema, "Kwa hiyo babu yangu aligeuka, na mwenzake amekwisha kufa. Na sisi tukamwacha aitwe mtoro, kwa kuwa ilitupendeza." Akasema pia kwamba Shutu uzeeni alikuwa akiamka akiita, "Garama, niko hapa," na wao wakidhani anaota. Nikayameza maneno yangu yote. Hata hayakunikwama kama lile paja.

Akaliweka koti kwenye mkeka wa babu. "Siku ya kumsimika utalivaa wewe, baba. Walitoka wawili." Mbuzi wa siku hiyo atamtoa yeye, na sisi tutatoa wa pili, na masikio yao yatawekwa pamoja.

Wazee wamekubali. Mti wa koma umekwisha kukatwa, unakauka ndani ya nyumba ya babu yako, kichwani pake. Amekula ugali sahani mbili tangu siku ile, na jana alimtukana mbuzi wa Kenga kwa jina la mama yake. Amepona huyo.

Sasa nisikilize mwisho. Desturi inasema aliyeleta habari ya marehemu ndiye hushika mti usimame wima wakati wengine wanashindilia udongo. Nikasema nitaushika mimi kwa niaba yako, mimi mama mtu. Wakakataa. Wamesema aliyesimama nyuma ya mzinga ndiye atakayeushika, na shimo litabaki wazi mpaka afike.

Na Jumapili iliyopita niliomba nafasi kanisani, pasta akadhani ni ushuhuda. Nikasimama nikasema, "Ndugu zangu, mwanangu Kadzo si mkuu wa mizinga kama nilivyowaambieni. Anafagia. Na kwa kitambaa cha kufutia vumbi amemrudisha nyumbani mtu aliyepotea miaka themanini. Mwenye mtoto anayefagia hivyo anyooshe mkono." Hakuna aliyenyoosha. Nikakaa. Pasta akasema hiyo nayo ni majivuno, nikamwambia hii ni ya kweli angalau.

Kwa hiyo shuka Kinango na nguo yoyote. Shuka na mikono hiyo iliyopasuka, ninayo mafuta ya nazi, nitakupaka mwenyewe kama ulipokuwa mdogo. Kitanda chako nimekihamisha kutoka ghalani, nimetoa mahindi, nimeanika godoro. Wakubwa wako wa huko wakikuuliza haraka ya nini, waambie mizinga yao haiendi popote.

Baba yako ameomba ruhusa Ramisi. Harrison amebadilishana zamu na mwenzake. Ukoo wa Shutu wanakuja wote, na wa kwetu wote, na mzee wa miaka themanini na miwili atakuwa amevaa koti la sufu juani na hakuna atakayemcheka. Wazee wamehesabu siku, wakachagua Jumwa, siku ya kupumzika ambayo hatulimi, ili asikosekane mtu. Kwa kalenda yako ni Jumamosi, tarehe ishirini Desemba, asubuhi, umande ukiwa bado.

Mama yako,
Dama